Vidato vya Asidi

Mkwezi wa minazi hapandi shina tupu. Shina refu huchongwa vidato, kimoja juu ya kingine, ili mguu upate pa kukanyaga na mwili upate pa kupumzikia kabla ya kujivuta tena kwenda juu. Neno hilo limekwisha kusafiri mbali na shamba. Lilichukuliwa likapelekwa shuleni, na leo mwanafunzi wa sekondari husema yuko kidato cha tatu pasipo kuukumbuka mnazi. Halitaharibika likipelekwa mbele kidogo tena, mpaka katika maabara ya kemia, maana huko upo mstari mmoja ambao husomwa vizuri na mtu aliyewahi kumtazama mkwezi akipanda, na husomwa vibaya na mtu anayetazama urefu wa mnazi peke yake.

Mstari huo huzaliwa kwa subira. Asidi ya kiasi kinachojulikana, kwa mfano mililita 25, hutiwa katika bilauri. Juu yake husimamishwa bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama ubavuni na bilula chini, nao hujazwa besi ambayo nguvu yake yajulikana. Besi hudondoshwa kidogo kidogo. Kila inapodondoka mmumunyo hukorogwa, mita husomwa, na namba mbili huandikwa daftarini: jumla ya besi iliyokwisha kuingia, na pH iliyopatikana. Namba za kwanza hupangwa chini ya karatasi ya miraba, za pili ubavuni, na nukta zikiunganishwa mstari hutokea. Kazi hii yaitwa titresheni. Kipimo cha pH kilitungwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia wa Copenhagen, ili wataalamu wapumzike kuandika sehemu za milioni na za bilioni. pH ikishuka kwa 1, ioni za haidrojeni zimeongezeka mara kumi. Ni ufupisho mwema, ingawa umewafanya wanafunzi wengi wasahau kuwa umbali mdogo juu ya karatasi ni umbali mkubwa ndani ya bilauri.

Asidi ya siki, ambayo ina haidrojeni moja tu ya kutoa, huchora mstari mwepesi kusoma. Mstari huanza karibu na pH 3, hupanda kidogo, kisha hulala karibu kuwa tambarare. Hapo ndipo kidato. Besi yaingia na pH haitaki kusogea, kwa sababu kila tone linalokuja lakuta molekuli za asidi zilizo tayari kutoa haidrojeni, nazo humeza ukali wake. Nusu ya asidi ikiwa imekwisha kubadilika na nusu ikibaki, mita husoma karibu 4.76. Namba hiyo, iitwayo pKa, ni kama saini ya asidi: yasema imeishikilia haidrojeni yake kwa nguvu gani. Asidi ikiisha, hapana tena wa kulimeza tone, na mstari huinuka ghafula kama ukuta. Huo ni mpando. Katikati ya mpando ndipo asidi na besi zilipolingana. Mpimaji wa zamani hakuona haya yote. Aliona rangi ya fenolfthalini ikigeuka kuwa ya waridi, akafunga bilula, akaandika namba moja. Mita ilimpa safari nzima badala ya mwisho wake.

Mita hiyo, kwa njia, ina deni kwa limau. Mwaka 1934 Arnold Beckman, mwalimu wa kemia huko Pasadena katika California, aliombwa msaada na rafiki yake Glen Joseph, aliyefanya kazi katika shirika la wakulima wa matunda ya jamii ya machungwa. Joseph alitaka kupima uchachu wa maji ya malimau yaliyotiwa dioksidi ya salfa yasioze, na dioksidi hiyo ilizifuta rangi ambazo wapimaji walizitegemea. Pale macho yaliposhindwa, kioo chembamba na umeme vilipewa kazi. Chombo alichokitengeneza Beckman kilienea duniani, na vizazi vyake vimesimama leo katika kila maabara, vikiwa na fimbo ile ile ya kioo yenye kitufe mwishoni.

Asidi ya limau, ndiyo sitriki, ndiyo iliyomtia mashakani mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Alikuwa kijana mwenye bidii, aliyetoka katika shule isiyokuwa na bureti hata moja, na titresheni alikuwa amejifunza ubaoni. Ubaoni mwalimu wake wa zamani alichora kwa chaki nyeupe asidi yenye haidrojeni tatu, na mstari wake ulikuwa na mipando mitatu, yote sawa, mizuri kama ngazi ya msikiti. Kijana aliinakili picha ile, akaihifadhi, akaipenda. Ilikuwa nusu ya sababu zilizomfanya achague kemia. Tena alisoma kwa msaada wa ada ambao ulitegemea alama zake, na alama za maabara zilikuwa na uzito usioweza kudharauliwa.

Siku ya zamu yake alipewa mililita 25 za asidi ya sitriki na bureti ya haidroksaidi ya sodiamu, zote za nguvu ya 0.1. Sitriki ina haidrojeni tatu za kutoa. Hesabu ilikuwa dhahiri: mpando wa kwanza kwenye mililita 25, wa pili kwenye 50, wa tatu kwenye 75. Akaanza. Mita ilisoma karibu na 2. Akadondosha, akaandika; akadondosha, akaandika. Mililita 25 zikaja zikapita, na pH ikapanda taratibu kama mtu anayetembea mteremko mrefu asiokuwa na haraka nao. Alidhani ameruka tone. Akaendelea. Mililita 50 zikaja, nazo zikapita vile vile. Ilipokaribia 75 ndipo mstari ulipoinuka, tena kwa nguvu, mpaka juu ya 10. Mpando mmoja tu, mahali palipotakiwa mitatu.

Kijana aliosha vyombo akaanza upya, mara ya pili, kisha ya tatu, mpaka mtunza maabara alipozitikisa funguo zake mlangoni. Mara zote tatu matokeo yalikuwa yale yale, na kama angalikuwa ametulia angaliona kuwa matokeo yanayorudi mara tatu yana haki ya kuulizwa wanasema nini. Hakutulia. Alijiona yeye ndiye mbovu: labda mkono ulitetemeka, labda mita ilichoka, labda chupa ilichanganywa. Usiku chumbani mwake alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua karatasi mpya ya miraba, akazihamisha nukta chache: zilizokuwa kabla ya 25 akazishusha, zilizokuwa baada yake akazipandisha, na karibu na 50 akafanya vivyo hivyo. Mipando miwili ikazaliwa kwa ncha ya penseli. Asubuhi akatoa kazi yake pamoja na wenzake.

Mwalimu wa maabara alikuwa mzee wa maneno machache. Siku ya tatu alimwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti."

Karatasi ilikuwa mezani. Kijana alitazamia kidole cha mzee kiende kwenye mipando ile miwili, maana ndipo moyo wake ulipokuwa. Kidole hakikwenda huko. Kilikwenda katikati ya mipando, kwenye sehemu ambayo kijana hakuigusa, kikatembea juu yake polepole kutoka 30 mpaka 45.

"Hapa," mzee akasema, "mstari wako wapanda. Umepanda karibu kipimo kimoja kizima cha pH. Mpando mkali kama huu uliouchora kwenye 25 hauwezi kufuatwa na mteremko kama huu. Asidi yenye mpando wa namna hii hulala kwanza, na baada yake hulala tena. Umejenga kuta, bwana, ukasahau sakafu."

Kijana hakujibu.

"Namba za kwanza unazo?"

"Ninazo, Mwalimu."

"Usizichane. Njoo Jumatatu, uchukue asidi ya fosfori."

Ni rahisi kumlaumu kijana, na lawama alistahili; mtu anayezihamisha nukta haharibu kazi yake tu, awaibia na watakaozitumia. Lakini sehemu ya kosa ilikuwa ya ule ubao. Vitabu vingi vya shule huchora asidi ya haidrojeni tatu kana kwamba haidrojeni husimama katika foleni, ya pili isithubutu kuondoka mpaka ya kwanza imekwisha kutoka katika kila molekuli ndani ya bilauri. Mwanafunzi aliyeamini foleni hiyo, akikutana na sitriki, hana budi achague mojawapo: bilauri imeongopa, au yeye hajui kupima. Hapewi uchaguzi wa tatu, kwamba foleni haikuwapo.

Jumatatu kijana alikuja. Fosfori nayo ina haidrojeni tatu, na namba zake katika kitabu ni 2.15, 7.20 na 12.35. Mililita ni zile zile, nguvu ni zile zile. Mstari ulianza chini ya 2, ukalala, na ulipofika 25 ukaruka waziwazi, katikati ya mruko huo pH ikiwa kati ya 4 na 5. Kijana alivuta pumzi. Ukalala tena, safari hii tambarare kweli, na kwenye mililita 37.5, nusu ya kidato cha pili, mita ikasoma karibu 6.9. Ulipofika 50 ukaruka tena, kupita kati ya 9 na 10. Mpaka hapo ubao wa zamani ulikuwa umesema kweli. Basi akangoja mpando wa tatu. Alidondosha mpaka 75, mpaka 80, mpaka 90. Mstari ulipinda juu ya 11, ukainama, ukaenda zake karibu na 12 bila kuruka hata kidogo.

Asidi mbili, haidrojeni tatu tatu. Moja ilitoa mpando mmoja, nyingine miwili. Hapana iliyotoa mitatu. Mzee alikuja akasimama nyuma yake, akatazama karatasi, akauliza mipando ni mingapi. Kijana akasema miwili. Akauliza vidato ni vingapi. Kijana akasita.

Hapo ndipo penye ufunguo wa mistari hii yote, nao hufaa kuelezwa bila haraka. Mpando si kitu chenye kusimama peke yake. Mpando ni pengo kati ya kidato kinachokwisha na kingine kinachoanza, na ukubwa wake wategemea umbali wa vidato hivyo. Vidato viwili vikiwa mbali, mkwezi hujivuta kwa nguvu kati yao, na mtu aliye chini humwona akijivuta. Vikichongwa karibu karibu, mguu hautofautishi kilipoishia kimoja na kilipoanzia cha pili, na mtu aliye chini aona mkwezi akipanda sawasawa kana kwamba shina lina mteremko. Vidato vipo vile vile. Kilichokosekana ni nafasi kati yao.

Kwa fosfori nafasi ni kubwa. Kutoka 2.15 mpaka 7.20 ni vipimo vitano hivi vya pH, yaani haidrojeni ya pili imeshikwa kwa nguvu iliyo zaidi ya mara laki moja kuliko ya kwanza. Sababu yake haina siri. Haidrojeni inapotoka huondoka na umeme chanya, na molekuli iliyobaki yawa na umeme hasi, ambao huivuta haidrojeni inayofuata isiondoke. Katika fosfori oksijeni zote zimekizunguka kiini kimoja cha fosforasi, zimesongamana, na umeme uliobaki kwa mmoja husikiwa na wote. Ukipiga hesabu kwa namba za kitabu utaona kuwa kwenye mililita 25 molekuli zaidi ya 99 katika kila 100 zimetoa haidrojeni moja kamili, si pungufu wala zaidi. Hapo foleni ya ubaoni ni kweli, au karibu na kweli.

Kwa sitriki namba ni 3.13, 4.76 na 6.40. Umbali kati ya kidato na kidato ni kipimo kimoja na nusu na kidogo juu yake. Vikundi vyake vitatu vya asidi vimeshikana na mnyororo wa kaboni, kila kimoja upande wake, na umeme wa mmoja humfikia mwenzake umekwisha kupungua. Kwa hiyo haidrojeni ya pili haingoji. Hesabu ile ile, kwenye mililita 25 ile ile ambapo kijana alitazamia ukuta, yatoa jibu lifuatalo: molekuli robo tatu hivi zimetoa haidrojeni moja, zaidi ya sehemu moja ya kumi hazijatoa hata moja, na nyingine zaidi ya sehemu moja ya kumi zimekwisha kutoa mbili. Bilauri ina makundi matatu kwa wakati mmoja. Tone la besi likianguka mahali hapo lakuta wengi wa kulimeza, na pH haina sababu ya kuruka. Wapimaji hutumia kanuni ya mkono kwamba namba mbili za pKa zikikaribiana chini ya vipimo vinne hivi, mpando kati yao huanza kufifia. Zikikaribiana chini ya viwili, mpando hupotea machoni. Kanuni hiyo si sheria, ila ni msaada mzuri kwa mtu anayetaka kujua atazamie nini kabla ya kufungua bilula.

Wako wanaoshuku kuwa umbali kati ya vikundi una uzito kiasi hicho. Kwao upo ushahidi wa asidi mbili, maleiki na fumariki. Zina kaboni nne, haidrojeni nne na oksijeni nne kila moja, na zimeungana kwa mpango ule ule, isipokuwa jambo moja: katika maleiki vikundi viwili vya asidi viko upande mmoja, vinatazamana, katika fumariki viko pande mbili zinazopingana. Namba za maleiki ni karibu 1.9 na 6.2. Za fumariki ni karibu 3.0 na 4.4. Maleiki, ikiisha kutoa haidrojeni ya kwanza, huishika ya pili kati ya vikundi vyake viwili kama kitu kilichoshikwa kwa mikono miwili, na kuiachia ni taabu. Mstari wake una mipando miwili isiyokosewa. Fumariki haina mkono wa pili wa kushikia, na mstari wake una mpando mmoja. Mtu ambaye hakuambiwa lolote, akipewa mistari hii miwili, aweza kueleza jinsi molekuli zilivyokaa, jambo ambalo hakuna jicho linaloweza kuliona. Ni vigumu kupata mfano bora wa faida ya kusoma mstari.

Kidato cha tatu cha fosfori kilipotelea kwingine. Chenyewe kiko mbali na cha pili, vipimo vitano, hivyo hakikukosa nafasi chini yake. Kilikosa nafasi juu. Haidrojeni ya tatu imeshikwa kwa nguvu mno hata maji yenyewe yashindana nayo, na besi ya nguvu ya 0.1 haiwezi kuipeleka pH juu ya 13. Mnazi umekwisha, mkwezi amefika kwenye makuti, na hapana mahali pa kujivuta. Mzee alimwonyesha kijana njia ya kukitoa mafichoni. Mmumunyo ulipopita mpando wa pili alimwambia atie kloridi ya kalsiamu. Bilauri ikawa nyeupe kama tui, kwa sababu kalsiamu iliikamata fosfeti ikazama nayo, na haidrojeni ya tatu, iliyokuwa haitaki kutoka, ikaachwa huru majini. pH ikashuka. Kijana akadondosha besi tena, akaipima haidrojeni ile, akaiona ipo.

Kuna swali ambalo kijana aliliuliza mwenyewe, na hapo mzee alianza kumtazama kwa namna nyingine. Kwa nini nusu ya kidato cha pili ilisoma 6.9 na kitabu kimesema 7.20? Safari hii hakuihamisha nukta. Mzee akamwashiria chupa ndogo iliyokuwa kando ya mita, ile ambayo kijana aliitumia kila asubuhi kuisahihisha mita kabla ya kazi. Juu yake palikuwa pameandikwa 6.86. "Soma kilichomo," akasema. Kilichomo kilikuwa fosfeti mbili kwa kiasi sawa: ile iliyotoa haidrojeni moja na ile iliyotoa mbili. Ni mchanganyiko ule ule alioutengeneza kijana kwenye mililita 37.5, kwa nguvu iliyokaribiana. Namba ya kitabu ni ya mmumunyo mwepesi usio na kikomo, ambamo ioni hazionani. Bilauri ya maabara imejaa ioni, nazo hubanana na kusaidiana, na haidrojeni hutoka kwa urahisi zaidi kidogo. Kadiri umeme wa molekuli unavyoongezeka, tofauti huongezeka. Sitriki katika kidato chake cha tatu hupungukiwa zaidi, na mtu anayetarajia 6.40 asishangae mita ikimpa namba iliyo chini ya 6. Kitabu ni kweli na mita ni kweli. Vinajibu maswali mawili.

Kazi ya mwisho haikutoka katika kabati la maabara. Mzee alimtuma kijana sokoni akanunue magadi. Kijana alicheka, maana magadi aliyajua tangu utoto kwa jina la jikoni, yale mawe meupe yenye vumbi ambayo mama yake aliyatia kidogo katika maharage magumu yapate kulainika. Magadi ni chumvi ya asidi ya kaboni, na asidi hiyo ina haidrojeni mbili, za namba 6.35 na 10.33. Safari yake hupimwa kwa kurudi nyuma: badala ya kudondosha besi juu ya asidi, hudondoshwa asidi ya hidrokloriki juu ya magadi, na mkwezi hushuka. Mteremko wa ghafula wa kwanza hutokea karibu na 8.3, pale kabonati yote ilipopokea haidrojeni moja ikawa baikabonati. Wa pili hutokea karibu na 4, pale baikabonati yote ilipopokea nyingine ikawa maji na hewa ya kaboni inayotoka kwa povu.

Kijana alisaga jiwe, akaliyeyusha, akachuja taka. Kabonati tupu hutumia asidi kiasi sawa kwa mteremko wa kwanza na kwa wa pili. Baikabonati tupu haina mteremko wa kwanza kabisa. Kijana alitumia chini kidogo ya mililita 10 kwa wa kwanza, na kutoka hapo karibu 20 kwa wa pili. Alikaa na namba hizo muda mrefu, penseli mdomoni. Kama sehemu ya kwanza ni kabonati peke yake, basi sehemu ya pili ni kabonati ile ile iliyogeuka, pamoja na baikabonati iliyokuwamo tangu mwanzo, na hizi mbili zalingana. Jiwe la sokoni lilikuwa na kabonati moja kwa baikabonati moja. Ndivyo lilivyo jiwe liitwalo trona, ambalo hujijenga lenyewe katika maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, na ambalo kule Ziwa Magadi nchini Kenya lilianza kuchimbwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1911.

Jambo lililomfurahisha zaidi lilikuwa namba ya kwanza kabisa daftarini, kabla ya tone lolote kuanguka. Mita ilisoma karibu na 10. Kabonati moja kwa baikabonati moja ni nusu ya kidato. Jiwe lilitoka ziwani likiwa limekwisha kusimama katikati ya kidato chake, mahali ambapo mpimaji hufika kwa kudondosha na kuhesabu, na jua na maji ya ziwa vilikuwa vimelifikisha hapo pasipo bureti. Mama yake alikuwa akipima nusu hiyo kwa ncha ya kijiko.

Juma lililofuata kijana alirudisha kazi ya sitriki. Karatasi ya penseli aliiambatisha nyuma, hakuificha, na juu yake aliandika kuwa nukta zilihamishwa na mpimaji. Mbele aliweka mstari wa kweli, uliochorwa kwa namba za mara zote tatu, nukta za kila siku kwa alama yake, mteremko mrefu na mpando mmoja mwishoni. Kwenye mililita 12.5, 37.5 na 62.5 aliweka mishale mitatu midogo, na kando ya kila mshale akaandika pH aliyoisoma na pKa ya kitabu, tofauti zao zikiwa zimepigiwa hesabu. Hakuandika lolote kuhusu mililita 25 na 50, ila katika nafasi hizo alichora makundi matatu ya molekuli kwa kiasi chao.

Mzee aliisoma yote. Alama alizompa zilikuwa pungufu kidogo kuliko za wenzake waliotoa mpando mmoja tangu siku ya kwanza bila kuuliza kwa nini, na kijana hakulalamika. Pembeni mwa karatasi, kwa wino mwekundu, paliandikwa swali moja tu: joto la maabara lilikuwa digrii ngapi?